Haki ya Maskini na Rai za Wenye Elimu

Limetokea katika darsa letu jambo ambalo hatukulitazamia, nasi twaona yafaa tulieleze mbele ya wasomaji wetu, kwani wengi wao huenda wamekwisha kukutana nalo katika mitaa yao. Usiku mmoja baada ya Isha, tulipokwisha kusoma tafsiri, ndugu mmoja aliomba ruhusa ya kusema. Alisema kwamba mtaani petu wamo wazee waliopindukia miaka sabini ambao hawaipati ile posho ya serikali iitwayo Inua Jamii, si kwa kuwa hawastahiki, bali kwa kuwa hawana wa kuwajazia karatasi wala wa kuwafuatilia mambo yao maafisini. Akauliza kama darsa halingeweza kutenga siku moja katika wiki kwa kazi hiyo. Akamtaja ajuza mmoja ambaye sote twamjua, akaaye chumba cha nyuma ya msikiti, aliyemzika mume na wana wawili, na ambaye sasa huishi kwa bajia anazokaanga siku anapojaliwa nguvu, na kwa sahani ya majirani siku asipojaliwa.

Tulidhani shauri hilo litapita bila ya maneno. Halikupita. Walisimama wawili kulipinga. Wa kwanza alikuwa kijana wetu mwenye shahada ya uchumi, mtu wa adabu na wa kuhudhuria, ambaye ndiye hutupigia hesabu za darsa. Yeye alisema kwamba posho hulea uvivu, humzoeza mtu mkono wa kupokea, na kwamba nchi haijengwi kwa kugawa. Wa pili alikuwa mwalimu wetu wa madrasa. Huyu alisema kwamba Mwenyezi Mungu ametuwekea zaka, nayo yatosha. Na kwamba mwenye kuutafuta msaada kwa serikali isiyohukumu kwa sharia ameuacha mlango wa Mola wake. Tena fedha ile imechanganyika na kodi ya ulevi na ya kamari.

Wenye kulijua darsa letu watastaajabu kama tulivyostaajabu sisi. Mabwana hawa wawili hawajapata kukubaliana katika jambo lolote, hata katika kuandama kwa mwezi. Usiku ule walikubaliana. Elimu ya huyu na elimu ya yule zilitoka pande mbili za mbali, zikaja zikakutana mlangoni kwa ajuza, na zote zikaegemea mlango usifunguke.

Aliyewajibu alikuwa mzee wetu mmoja, hamali wa bandarini siku za zamani, aliyeiacha skuli katika darasa la nne. Alisema: “Mashekhe zangu, nyinyi mwajadili kama apewe au asipewe. Mwenye duka amekwisha kumfungia daftari tangu mwezi wa jana.” Kisha akakaa.

Hatutaki kuifanya hadithi hii kuwa ya kuwatukuza wasiosoma na kuwadharau waliosoma. Hilo lingekuwa jepesi, na lingekuwa uwongo vilevile. Miaka tisini na zaidi imepita tangu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa Al-Islah hapa Mombasa, mwaka 1932, akiwahimiza Waislamu wa pwani waamke, waisafishe dini yao, na wasiikimbie elimu ya zama zao. Sisi ni matunda ya wito ule. Tukiitazama safu yetu leo twawaona madaktari, mawakili, wahasibu na walimu, jambo ambalo babu zetu hawakuliona. Ni halali, basi, tujiulize: elimu hii tuliyoitafuta kwa jasho imetufanya tumwoneje aliye chini yetu?

Swali hili si letu peke yetu. Ng'ambo wako watu waliokaa wakalipima kwa hesabu, na twaona si vibaya kuwasikiliza, mradi tukumbuke kwamba waliowapima si sisi. Nchini Marekani, tangu mwaka 1972, kituo cha utafiti kilichoko katika Chuo Kikuu cha Chicago huwauliza watu wa kila hali rai zao juu ya mambo ya nchi, na miongoni mwa maswali hayo limo hili la serikali kutumia fedha kwa maskini. Wataalamu Alberto Alesina na Paola Giuliano waliyachungua majibu hayo, na mwaka 2011 wakaandika kwamba mtu kadiri anavyozidi kusoma ndivyo anavyopungua kuunga mkono kazi ya serikali ya kuchukua kwa mwenye nacho na kumpa asiye nacho; tena si kwa sababu ya utajiri wake tu, kwani jambo hilo lilibakia hata walipowalinganisha watu wa kipato kimoja. Kabla yao, mwaka 2006, Kenneth Scheve na David Stasavage walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba katika nchi za magharibi watu washikao dini huelekea kutaka bima za serikali kidogo kuliko wasioshika. Sababu waliyoitoa yafaa kufikiriwa: dini humpa mtu kitulizo wakati wa msiba, na aliyekwisha kupata kitulizo haoni haja kubwa ya kupata na posho.

Hao walikuwa Wakristo kwa wingi wao. Lakini nani kati yetu asiyeitambua sura hiyo? Kijana wetu wa uchumi na mwalimu wetu wa madrasa wamo katika hesabu zile, ijapokuwa hapana aliyewauliza.

Liko jambo jingine katika maswali ya Chicago ambalo kwetu sisi ni kubwa zaidi. Waulizaji waligundua kwamba wakiuliza kama serikali yatumia fedha chache mno katika kuwasaidia maskini, watu wengi hujibu ndiyo. Na wakiuliza swali lilelile, kwa watu wa namna ileile, lakini wakalitumia jina la mazoea la posho za serikali, jina ambalo kwao limekwisha kuwa kama tusi, wasemao ndiyo hupungua mno. Mtaalamu wa kituo hicho, Tom Smith, aliliandika jambo hili mwaka 1987. Maskini ni yuleyule, na fedha ni ileile. Lililobadilika ni jina, na moyo wa mtu ukageuka pamoja na jina.

Sasa na tumrudie kijana wetu. Yeye alianza darasa la kwanza mwaka 2003, mwaka ambao serikali ya Kenya ilifuta karo katika skuli za msingi. Alipoingia sekondari alisaidiwa na mfuko wa jimbo la mbunge. Chuo kikuu alisomea mkopo wa ile Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliyoundwa mwaka 1995, nao huo mkopo hakuumaliza kuulipa. Haya si siri. Mwenyewe hutusimulia kwa shukrani. Tulipomkumbusha, alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Lakini ile ilikuwa haki ya elimu.” Kweli, ilikuwa haki. Basi twamwuliza, naye ni ndugu yetu: ni lipi lililoifanya shilingi iliyonunua daftari lako kuwa haki, na shilingi itakayonunua unga wa bibi kuwa chakula cha bure? Hatukuona jibu ila hili: kwamba aliyesoma akifaulu huona ya kuwa amefika kwa miguu yake, na barabara aliyopitia haioni. Kila cheti kinachoongezeka ukutani huipunguza barabara ile machoni pake. Hatusemi kwamba ndivyo walivyo wote. Twasema kwamba ndiyo khatari ya elimu, na aliye nayo ajichunge nayo.

Hoja yake ya uvivu tutaijibu upesi, kwani haihitaji mengi. Posho hii ilianza kwa mayatima mwaka 2004, kwa majaribio, katika Kwale, Garissa na Nairobi. Ikaendelea kwa wazee na kwa wenye ulemavu mkubwa, na mwaka 2018 ikafunguliwa kwa kila aliyetimiza miaka sabini asiyekuwa na pensheni. Kiwango alichowekewa mzee ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni uvivu gani unaoogopewa kwa mtoto yatima, au kwa mtu asiyeweza kusimama, au kwa mama wa miaka sabini na sita? Mama huyo amefanya kazi tangu kabla ya kijana wetu kuzaliwa babake. Na kama aitaka hoja ya kitaalamu, ipo hapahapa Kenya: katika Rarieda, upande wa Siaya, Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro waliwachungua watu maskini waliopewa fedha bila ya sharti lolote, wakachapa waliyoyaona mwaka 2016. Fedha ile ilikwenda katika chakula, mabati na mifugo. Katika ulevi na tumbaku hawakuona ongezeko. Wataalamu wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi, nao hawakuona kwamba maskini akipewa fedha hukimbilia chupa. Mtu wa uchumi asiyesoma habari hizi ana udhuru. Akizisoma kisha akaendelea kusema ya jana, udhuru umekwisha.

Hoja za mwalimu wetu ni nzito zaidi, nazo zataka heshima ya kujibiwa moja moja.

Amesema zaka yatosha. Na tupige hesabu. Zaka ya mali ni mbili na nusu katika mia. Muislamu mwenye duka ambaye mali yake ya kutolewa zaka imefika shilingi milioni moja atatoa shilingi 25,000. Posho ya mzee mmoja kwa mwaka ni shilingi 24,000. Kwa hiyo mwenye milioni moja amemlisha mzee mmoja kwa mwaka, na ikabaki elfu moja. Hii ni hesabu njema, na laiti sote tungekuwa tukiitoa hivyo! Lakini Inua Jamii huwafikia watu zaidi ya milioni moja katika Kenya nzima. Kuwalisha hao kwa njia hii zatakiwa shilingi bilioni 24 kila mwaka, na kabla ya kuzipata ni lazima ziwepo mali za kutolewa zaka zisizopungua shilingi bilioni 960, zote mikononi mwa watu waaminifu wasioficha hata senti. Waislamu waliohesabiwa katika Kenya mwaka 2019 ni milioni 5 na kidogo katika watu milioni 47 na nusu, na wengi wao wako kaskazini ya nchi na katika vijiji vya pwani, nao ndio wenye kustahiki kupokea. Mwenye kusema yatosha na aseme yatosha wapi, na kwa nani.

Tena twaijua zaka yetu ilivyo siku hizi. Nani asiyewaona mama zetu katika mwezi wa Ramadhani, wamepanga safu mbele ya mlango wa tajiri tangu alfajiri, saumu kinywani na jua kichwani, wakingojea noti moja? Nani asiyewaona vipofu na vikongwe siku ya Ijumaa, wakienda duka kwa duka, na kila mwenye duka ana kikopo chake cha sarafu alichokiweka karibu ili asisumbuke kuinuka? Sisi wenyewe tumo katika kutoa sarafu hizo, wala hatujitoi katika lawama. Tajiri wa namna hii huiita safu ile baraka ya nyumba yake. Lakini jiulizeni: kama kesho wale mama hawakuja, kwa kuwa wamepata mahitaji yao kwingine bila ya kusimama juani, je, tajiri yule angefurahi, au angeona amepokonywa kitu? Hapo ndipo palipo na ugonjwa, nasi twachelea kwamba wengi wetu tunao. Twapenda maskini apate. Lakini twapenda zaidi apate kwetu.

Qur'ani haikulijenga jambo hili juu ya moyo wa mtoaji. Katika Suratul Maarij waumini wamesifiwa kwa kuwa katika mali zao imo haki inayojulikana, ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Haki inayojulikana! Kitu kikiwa ni haki ya mtu, mwenye nacho haombwi, bali hudaiwa. Na mwenye kudai hana haja ya kuinamisha kichwa. Kwa sababu hiyo Sayyidna Abubakar (R.A.) hakuwaachia watu zaka kuwa ni jambo baina yao na nafsi zao. Alipowaona makabila wameizuia baada ya kufa Mtume (S.A.W.), aliwapiga vita juu yake. Na katika aya ile ya Sura ya Hashri inayogawa mali ya fai, sababu iliyotajwa ni kwamba mali isiwe ya kuzunguka baina ya matajiri peke yao. Huo si mwito wa huruma kwa mtu mmoja mmoja, bali ni kanuni ya mali ya watu wote, na mwenye kuitekeleza ni mwenye amri.

Mwalimu wetu alitukumbusha, na ni haki yake, kwamba Sayyidna Uthman (R.A.) aliwaachia watu wenyewe waitoe zaka ya mali zao za ndani. Ni kweli. Lakini aliwaachia watoe, hakuwaachia wasitoe. Wala wanazuoni hawakufahamu kutokana na hilo kwamba zaka ndiyo mpaka wa kila kitu. Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1064, aliandika katika al-Muhalla kwamba ni juu ya matajiri wa kila mji kuwasimamia maskini wao, na kwamba zaka isipotosha mtawala huwalazimisha, mpaka maskini apate chakula cha lazima, nguo ya kipupwe na ya joto, na nyumba ya kumsitiri na mvua na jua na macho ya wapitao. Wako waliomkhalifu, twajua. Lakini katika Suratul Baqara, pale palipoelezwa wema ni nini, kumetajwa kutoa mali kwa jamaa na mayatima na maskini, kisha baada yake ikatajwa zaka peke yake. Vingekuwa kitu kimoja visingetajwa mara mbili.

Na liko jambo ambalo mwalimu hakuligusa, nasi tusingependa lipite. Katika kona ya mtaa wetu yuko mlinzi mzee wa Kigiriama, jirani mwema, asiye Muislamu. Wanazuoni wengi, na Mashafii wa pwani hii miongoni mwao, wamesema kwamba zaka hapewi. Sadaka apewa, hapana ubaya, zaka hapana. Basi tukisema maskini wote waachiwe zaka, tumesema nini juu ya mzee huyu? Abu Yusuf, kadhi mkuu wa Harun ar-Rashid, ameeleza katika kitabu chake cha Kharaj kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alimwona mzee mmoja wa Kiyahudi, kipofu, akiomba mlangoni kwa watu. Akamwuliza kilichomfikisha pale. Mzee akataja jizya, na haja, na uzee. Umar akamshika mkono, akampeleka nyumbani kwake akampa kitu, kisha akamwita mtunza Baitulmali akamwamrisha amtazame huyo na wa mfano wake, kwa kuwa haikuwa insafu kumla ujana wake na kumtupa uzeeni. Alikwisha kumwuliza dini yake, akajua kwamba ni Myahudi, wala hilo halikumzuia. Alimwandikia haki katika hazina ya wote, kwa kuwa mzee yule aliijaza hazina ile alipokuwa na nguvu. Na mlinzi wetu, je, hakulipa kodi katika kila kibaba cha sukari alichonunua kwa miaka hamsini?

Yako mambo mawili aliyoyasema mwalimu ambayo twayakubali kwa kiasi chake.

La kwanza ni hofu kwamba serikali ikitoa, waumini wataacha kutoa. Hofu hii ina msingi. Katika ile taabu kubwa ya uchumi iliyoikumba Marekani miaka ya 1930, serikali ya Roosevelt ilipoingia katika kazi ya kuwasaidia maskini, makanisa yalipunguza matumizi yao ya sadaka kwa kiasi cha thelathini katika mia. Ndivyo walivyoonyesha Jonathan Gruber na Daniel Hungerman mwaka 2007. Mwenye kusoma mpaka hapo atasema mwalimu ameshinda. Lakini hesabu yenyewe yaendelea: kilichopungua makanisani hakikuzidi tatu katika mia ya kile kilichotolewa na serikali. Yaani maskini alipoteza senti tatu kwa mkono mmoja akapata mia kwa mkono wa pili. Aliyepata khasara kubwa hapo ni mwenye kuacha kutoa, na khasara yake iko katika daftari lisiloandikwa na serikali. Na sisi twasema wazi, ili asije mtu akatusingizia: posho ya serikali haimwondolei Muislamu zaka hata robo senti. Mwenye kudhani kwamba kodi yake imemtosha ajue kwamba bado anadaiwa.

La pili ni fedha kuchanganyika. Ni kweli kwamba katika hazina imo kodi ya vileo. Lakini Mtume (S.A.W.) alifariki na deraya yake imewekwa rahani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri ya watu wa nyumbani mwake, wala hakumwuliza fedha yake aliipataje. Tena twaona ajabu kwamba taqwa hii yaamka tu anapotajwa ajuza. Barabara twapita, hospitali ya serikali twaenda, na maji ya bomba twatawadhia. Mwenye kutaka kujitenga na hazina hiyo na aanze kwa nafsi yake kabla ya kumwanzia mwenye njaa.

Amma habari ya rushwa, na fedha kuchelewa miezi, na majina ya wasiostahiki kuingizwa huku wenye haki wakiachwa, hatuna la kukanusha. Wanasiasa nao huipita posho hii wakiinadi kana kwamba yatoka mifukoni mwao, ilhali Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeifanya hifadhi ya asiyeweza kujikimu kuwa ni jukumu la dola. Ila kosa la kanuni hurekebishwa katika kanuni. Sayyidna Umar alikuwa ameweka posho kwa watoto waliokwisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja akasikia mtoto akilia bila ya kunyamaza, akamjia mama yake, akaambiwa kwamba amachishwa mapema ili apate kuandikwa. Umar hakuifuta posho kwa kusema kwamba yaharibu watu. Aliilaumu nafsi yake, na akaamrisha kwamba mtoto aandikwe tangu anapozaliwa.

Mjadala wetu ulikwenda siku tatu za darsa. Siku ya tatu yule hamali wa zamani hakuja. Tulipomwuliza baadaye alisema alikuwa amempeleka bibi kwa chifu. Neno hilo lilitutia haya. Hatukupiga kura. Tulikubaliana tu kwamba kila Jumamosi asubuhi wawili katika sisi watakaa barazani kwa msikiti na meza na kalamu, na yeyote atakayekuja aandikiwe, awe wa dini gani. Kijana wetu wa uchumi alisema kwamba rai yake hajaibadili yote, lakini hati yake ya mkono ni nzuri kuliko zetu, na kwa hiyo atakaa yeye. Mwalimu wetu bado yu katika rai yake. Amesema atatujibu kwa maandishi, nasi tutaichapa rai yake yote katika toleo lijalo bila ya kuikata, kwani twamheshimu, na huenda akatuonyesha tulipokosea.

Jumamosi ya kwanza walikuja kumi na mmoja, na wa mwanzo alikuwa yule mlinzi. Karatasi za ajuza zimekamilika. Lililobaki ni kwamba benki yataka alama za vidole, na vidole vyake vimelainika kwa miaka ya majungu na mafuta ya moto, mashine haivisomi. Amekwisha kupelekwa mara mbili. Mara ya pili karani alimwambia avipake mafuta mwezi mzima kisha arudi, naye bibi akamjibu: “Mwanangu, ningekuwa na mafuta ningekaanga bajia.” Atapelekwa tena Jumatatu.